Sheria Alizoandika Mtu wa Ujiji

Katika miaka ya 1970 washairi wa Kiswahili waligawanyika kambi mbili, wakarushiana maneno magazetini, kwenye semina na katika dibaji za vitabu vyao. Kambi moja ilishika kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, uitwe jina jingine lolote. Kambi ya pili ikajibu kuwa vina na mizani ni pambo, na kwamba shairi huwa shairi kwa mambo mengine kabisa. Waliozitetea sheria walizungumza kana kwamba wamezirithi zikiwa zimeandikwa tayari. Desturi yenyewe ilikuwa ya kale, hilo halina ubishi. Lakini kitabu kilichoigeuza desturi hiyo kuwa sheria, kwa Kiswahili na kwa wasomaji wa Kiswahili, kilikuwa bado hakijafikisha hata miaka ishirini na mitano. Na aliyekiandika hakuwa mtu wa Lamu wala wa Mvita. Alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita elfu moja hivi kutoka pwani.

Kabla ya kitabu hicho, aliyetaka kujua kutunga alikaa karibu na mtunzi. Alisikiliza, akahifadhi, akajaribu, akasahihishwa au akachekwa. Si kwamba hapakuwa na vitabu. Pate, Siu na Lamu tenzi zilinakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kutunzwa majumbani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani wa Pate, unataja mwaka unaolingana na 1728. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, na wanawake wa Lamu wakaendelea kuunakili na kuuhifadhi kizazi baada ya kizazi. Ila vyuo hivyo havikuandikwa ili kumfundisha mgeni. Herufi za Kiarabu, kwa namna zilivyotumiwa siku zile, hazikutenganisha o na u wala e na i. P iliweza kuandikwa kama b, na m au n iliyotangulia konsonanti nyingine mara nyingi iliachwa kabisa. Neno moja liliweza kusomeka kwa njia tatu nne. Aliyelisoma sawasawa ni yule aliyekwisha kuusikia utendi ukighanwa. Na aliposita, umbo la ubeti lilimsaidia: kina kilimwambia irabu ya mwisho ni ipi, na mizani ikimpa saba mahali pa nane alijua kuna silabi ambayo mnakili ameiruka. Vina na mizani vilikuwa vyombo vya kusomea, si vya kutungia peke yake. Waliobishana baadaye juu ya pambo na uti wa mgongo hawakuligusa sana jambo hili, na mimi naona hasara ilikuwa yao wote.

Mashairi ya Mombasa yalikuwa na shida nyingine. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga juu ya mambo ya siku: ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said wa Oman, biashara, mapenzi, majibizano na watunzi wenzake. Husemwa kuwa yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Shairi la sokoni halidumu kama la msikitini. Utenzi wa Mtume una kisa kinachojulikana na kila mtu, hata ukipita miaka mia mbili. Lakini beti nne za kumjibu jirani, asipokuwepo tena anayemkumbuka jirani huyo wala alilosema, hubaki maneno matupu yenye vina vizuri.

Aliyeliona hilo mapema ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa na mtunzi mwenyewe. Muyaka alikwisha kufa miaka ipatayo arobaini wakati Sikujua alipoyakusanya mashairi yake kutoka katika kumbukumbu za watu. Aliifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmishenari wa Kiingereza aliyekuwa akikusanya methali za Waswahili, zile alizozichapa London mwaka 1891. Sikujua hakumpa mashairi tu. Alimfafanulia maneno ya Kimvita yaliyokuwa yakipotea, na alimweleza shairi lilitungwa kwa sababu gani. Alifariki mwaka 1890. Taylor alikwenda na makaratasi hayo Uingereza, na nusu karne baada ya kifo cha Mwalimu ndipo William Hichens alipoyatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, kitabu kilichochapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940. Jalada lina jina la Muyaka na la Hichens. Kwa hesabu yangu, mwalimu wa kusoma ushairi katika kitabu kile ni Sikujua.

Njia ya Ulaya ilikuwa ya zamani kuliko hapo. Johann Ludwig Krapf alipeleka miswada ya tenzi Ujerumani mwaka 1854, ikahifadhiwa Halle. Carl Büttner alitoa mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili Berlin mwaka 1894, na Ernst Dammann akachapa tungo za Lamu Hamburg mwaka 1940, mwaka uleule wa Diwani ya Muyaka. Dammann, Hichens na Alice Werner wote walimtegemea mtu mmoja wa Lamu, Muhamadi Kijuma, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na mwimbaji, ambaye aliwanakilia tenzi kwa malipo. Bila mkono wake mengi yasingekuwepo leo. Hata hivyo vingi kati ya vitabu hivyo vilitafsiriwa na kufafanuliwa kwa Kijerumani au Kiingereza, kwa bei na kwa maneno ya wasomi wa Ulaya. Kijana wa Tabora aliyetaka kutunga hangeviona, na kama angeviona visingemsaidia.

Kijana huyo wa Tabora alikuwepo kweli, naye aliandika. Tangu Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa gazeti la Mambo Leo, lenye herufi za Kirumi, lililosomwa na makarani, walimu, mapolisi na wahudumu wa stesheni kote nchini. Lilichapa mashairi. Mtu wa Mwanza alifumba, wa Tanga akafumbua, wa Songea akawaambia wote wawili wamekosea. Majibizano yaliyokuwa ya mtaa mmoja wa Mombasa sasa yalipita njia ya posta. Lakini wengi wa waliojibizana hawakukulia kwenye nyumba zenye vyuo vya tenzi, na lugha ya kwanza ya wengi wao haikuwa Kiswahili. Walijifunza ushairi kwa kuutazama ulivyopangwa gazetini: mishororo minne, vina viwili, mstari wa mwisho unaorudiwa. Walikuwa na umbo kabla ya kuwa na maelezo.

Hapo ndipo anapoingia Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, katika mji uliojengwa na misafara ya karne ya 19, ambako Kiswahili kilizungumzwa sokoni na misikitini mbali kabisa na bahari. Akawa mhubiri wa Ahmadiyya na alishirikiana na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Qurani iliyotolewa na jumuiya hiyo Nairobi mwaka 1953. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka thelathini, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kilichapwa na Eagle Press, mkono wa uchapaji wa Idara ya Maandiko ya Afrika ya Mashariki, ambayo serikali za kikoloni ziliianzisha mwaka 1948 ili watu waliofundishwa kusoma wapate cha kusoma.

Kitabu chenyewe hakitishi. Sehemu moja inaeleza kanuni na sehemu nyingine ni mashairi ya mwandishi. Kanuni zinahesabika kwa vidole: shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, kina cha kati hufanana na kina cha kati, cha mwisho na cha mwisho, ubeti hadi ubeti, kituo huweza kubaki kilekile mpaka mwisho wa shairi. Juu ya yote Amri alishika jambo moja: shairi ni wimbo, na lisiloimbika limekosa maana ya kuwa shairi. Mtu akilisahau hilo, zile hesabu nyingine zinamfanya mwandishi aonekane mkusanya ushuru. Akilikumbuka, ataona kwamba Amri alihesabu silabi kwa sababu sauti ya mwimbaji ina mahali pa kupumua.

Mtoto wa Mvita hakuhitaji kitabu hiki. Alizisikia mizani harusini kabla ya kuota meno. Aliyekihitaji ni mwalimu wa Singida aliyependa Mambo Leo na hakuwa na mzee wa kumuuliza. Ndiyo maana naona si ajabu kwamba kitabu kiliandikwa na mtu wa bara: anayejifunza jambo kwa kulichunguza ndiye anayeweza kulieleza hatua kwa hatua, na aliyezaliwa nalo hujibu tu kwamba ndivyo tunavyosema. Sheria za Amri zilikuwa mlango uliofunguliwa kwa wageni wa ushairi. Kwamba baadaye zilitumiwa kuwafungia wengine nje ni kazi ya waliozishika, na mwandishi hakuwepo kujibu. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria (majina yanapendana!), na mwaka 1964 akafia Ujerumani alikokwenda kutibiwa, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Walioingia kwa mlango huo walikuwa wengi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa karibu na Dodoma, tena Mkatoliki, alitoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliwaomba washairi mwaka 1968 wayapeleke mawazo ya Azimio kwa wananchi, na Mnyampala akaipa nguvu ngonjera, utungo wa watu wawili au zaidi wanaojibizana jukwaani kwa vina na mizani. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969. Shule za msingi zilizikariri nchi nzima. Sitadai kuwa zote ni ushairi mzuri; nyingine ni hotuba ya chama iliyokatwa vipande vya mizani nane. Lakini zilifanya watoto wa miaka kumi wajue mizani kwa ulimi, kama wenzao wa Lamu wa zamani.

Nyerere huyohuyo, wakati anawaomba washairi mashairi ya vina, alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza mwaka 1963, kwa mishororo isiyo na vina. Hakuna aliyemwambia rais kwamba amevunja sheria.

Mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, akaitangulizia utangulizi mrefu wenye mafunzo. Hapa mtu wa pwani alisema kwa sauti yake, kwa Kiswahili, kile ambacho Sikujua alimwambia Taylor chumbani. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla, ndugu yake Ahmad Nassir, alitoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani, ambamo umbo la mababu liliubeba ugomvi na serikali ya Kenya bila kutetereka. Aliyetaka ushahidi kwamba vina na mizani havijachoka aliupata pale.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1974, ikatoka Kichomi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa na umri wa miaka thelathini, sawasawa na Amri alipotoa Sheria. Katika diwani hiyo aliacha vina na hesabu ya mizani kwa kusudi, na katika utangulizi akaeleza sababu zake: alitaka ushairi uikaribie lugha ambayo watu wanaizungumza. Hapo ugomvi ukawaka. Wapo waliouona mtindo huo kuwa uvivu, wapo waliouona kuwa uigaji wa Wazungu, na wapo waliosema kwamba watu wa bara wanaharibu wasichokijua. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonishangaza mpaka leo, maana sheria zenyewe zilizokuwa zikitetewa ziliandikwa na mtu wa Ujiji.

Mulokozi na Kahigi, wote wawili wa Kagera, waliingia ulingoni kwanza kwa Malenga wa Bara, kisha mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Jina hilo linaitazama Sheria ya Amri usoni. Muundo pia ni uleule: nadharia mbele, mashairi ya waandishi nyuma. Nacho Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka, kilichotoka baadaye, kilifuata mtindo huohuo. Katika Kiswahili anayefundisha kutunga hudaiwa shairi, asije akawa kama fundi wa kuelekeza wenzake tu. Wapinzani walitofautiana kwa kila jambo isipokuwa hilo. Mulokozi na Kahigi hawakusema vina vitupwe. Diwani yao ina tungo za aina zote mbili. Walichokikataa ni kuufafanua ushairi kwa vina, kwa sababu mtu anaweza kuipanga orodha ya bei za nyama kwa mizani kumi na sita na isiwe shairi. Walizitazama pia ngoma na nyimbo za makabila mengine ya Tanzania, ambazo zina mapigo yake bila vina. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu chao kilipo na nguvu zaidi, kwa sababu kinamjibu Amri kwa hoja ya Amri mwenyewe: kama shairi ni wimbo, basi nyimbo ni nyingi.

Jibu la pwani lililonivutia kuliko yote lilichapwa mbali sana, Trenton, New Jersey, mwaka 1988. Ni Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff. Yeye hakubishana tu na waliovunja sheria. Alionyesha kwamba hata sheria zenyewe zilikuwa chache mno. Pwani haikuwa na shairi na utenzi peke yake. Ilikuwa na utumbuizo, wawe la wakulima, kimai cha wanamaji, ukawafi, wajiwaji, hamziya, tiyani fatiha, kila bahari na mizani yake na mahali pake pa kuimbwa. Anayesoma kitabu hicho baada ya kile cha Amri hujikuta ameonyeshwa nyumba yote baada ya kuzoea chumba cha mbele.

Baada ya hapo vitabu vikawa vya shule, na hapa nitapita haraka. Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, ilihitaji miongozo, nayo ikaja kwa wingi. Mwanafunzi alifundishwa kutaja tathlitha, tarbia na takhmisa kwa kuhesabu mishororo mitatu, minne, mitano, na kuandika kama ni ukara, mtiririko au pindu. Maksi zikapatikana. Lakini Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga takhmisa yake juu ya Liongo, hakuwa akihesabu mpaka tano. Alichukua maneno ya mtunzi wa kale na kuyatangulizia ya kwake, ubeti kwa ubeti, kama mtu anayemjibu marehemu. Zoezi la namna hiyo lingemfundisha kijana kusoma na kutunga kwa pamoja, na sijaona mwongozo wa mtihani unaomwomba alifanye. Tanzania nayo iliwapa wanafunzi diwani nzima, na walau moja ilikuwa zawadi: Kimbunga, ya mwaka 1994, ya Haji Gora Haji, mvuvi na baharia wa Tumbatu ambaye elimu yake ilikuwa ya chuo cha Qurani. Vijana wa kidato cha tano walikaa darasani wakichambua mafumbo ya mtu ambaye hakukaa darasa la namna hiyo.

Mugyabuso Mulokozi hakurudi nyuma katika hoja za 1979. Ila mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Tenzi Tatu za Kale: utenzi wa Fumo Liongo, Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, kwa herufi za Kirumi, kwa bei ya mwanafunzi, pamoja na utangulizi na maelezo ya maneno ya Kiamu ambayo msomaji wa Dodoma hawezi kuyakisia. Mhariri aliyeyaandaa maelezo hayo, neno kwa neno, ni Mulokozi.